Fedha Iliyotangazwa Redioni

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Mahimbo, kocha wa riadha aliyenipa kazi nilipokuwa na miaka ishirini, na kwenye ua wa msiba nikamwona Namsifu kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa. Alikuwa anatoka jikoni na sinia la vikombe. Kabla sijamtazama usoni, nilitazama mguu wake wa kushoto. Aliukanyagia sawasawa, akapita katikati ya viti na mikeka bila kumwaga chai, akaingia ndani. Hakuniona, au aliniona akaamua kutoniona. Nimefanya kazi nyingi tangu wakati ule, nimepanga vyumba katika miji ambayo mingine nimesahau hata majina yake, lakini hakuna mwaka ulionikaa mwilini kama ule niliouishi katika nyumba ya wakimbiaji pale Magamba, juu ya mji wa Lushoto. Habari za kwetu Bungu, na za shule niliyoiacha kidato cha pili, nitaziruka. Mwaka wenyewe unatosha.

Udadisi ndio ulionifikisha kwenye nyumba ile. Nilikuwa napakia kabichi kwenye malori pale Soni, na kila Alhamisi asubuhi watu wanne walipita wakikimbia, wakipandisha barabara ambayo hata malori yaliipanda kwa kulalamika. Siku moja nikamwuliza wa mwisho wao, "Mnafukuzwa na nani?" Akasema, "Na njaa," akaendelea. Jibu lile lilinisumbua wiki nzima. Alhamisi iliyofuata nikaacha kabichi za watu, nikawafuata. Pumzi ilikata kabla ya kona ya tatu, nikamalizia safari juu ya lori, na nilipoulizia nyumba yao nikamkuta kocha ameketi mlangoni akikwangua tope kwenye raba. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba. Wewe si ndiye niliyekupita na pikipiki, unakimbia kama umebeba jiwe?" Nikakubali kuwa ni mimi. Akanitazama kidogo, akauliza, "Unajua kupika?" Nikasema najua. Nilichojua ni kuchemsha viazi. Mpishi wao alikuwa ameondoka juzi yake, kwa hiyo nilianza kazi siku ileile.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na sebule, na kati ya sebule na jiko palikuwa na ukuta wa mbao tu, mbao zilizokauka zikaachana, hivyo niliyekuwa jikoni nilisikia kila kitu kilichosemwa mezani. Medali zilining'inia kwenye misumari pamoja na makoti ya mvua. Asubuhi walikunywa uji wa ulezi, wakirudi mazoezini walikula viazi na mayai, mchana ugali na maharage na mshunga, ile mboga chungu ya huku kwetu ambayo Namsifu alisema asipoila miguu yake haiamini kama ameshiba. Nilidhani wakimbiaji wakikaa pamoja huzungumzia mbio. Wale walizungumzia fedha, na kila mara ilikuwa fedha ya mkimbiaji mwingine. Yupo aliyejenga ghorofa akasahau ngazi. Yupo aliyenunua basi akamkabidhi shemeji yake, na sasa akitaka kusafiri anamwomba shemeji nauli. "Na shemeji anamwambia asimame, viti vimejaa!" Walicheka mpaka wakaweka vijiko chini. Nami jikoni nilicheka peke yangu. Leo nikikumbuka vicheko vile naona tulikuwa tunajipa moyo kwamba sisi tuna akili kuliko hao.

Mwenye mbio kuliko wote alikuwa Namsifu, binti wa miaka ishirini na minne kutoka familia ya wakulima wa Kilutheri, kijiji kimoja kilichopo juu ya Soni. Hakuwa msemaji. Mwaka ule alikwenda Ulaya kukimbia mbio za barabarani, akashinda, na sisi tukasikia redioni tukiwa mezani. Mtangazaji alilisoma jina lake vizuri, jina la mji akalikosea, kisha akaitaja zawadi, akaigeuza kuwa shilingi, na akairudia mara mbili kwa sauti ya mtu anayesifia mavuno ya shamba lake mwenyewe. Wenzetu waliruka. Mwalimu Mahimbo alibaki ameketi. "Huyu mtangazaji ametuua," akasema. Nikamwuliza kwa nini, maana mimi sijawahi kuacha swali lipite. Akanieleza palepale, kwa uvumilivu wa mtu aliyefundisha shule ya msingi. Fedha ile haitoki siku ya kushinda. Kwanza wanasubiri majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa, na hiyo ni miezi. Halafu nchi yenye mbio inakata kodi yake. Halafu meneja, ambaye alikuwa mtu wa Arusha, anachukua sehemu yake, na kocha naye sehemu yake, ile iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba tuliyokaa. "Namsifu anarudi na posho ya safari na mafua," akasema. "Lakini kuanzia Mombo mpaka Mlalo watu wameshasikia." Maelezo yale niliyasikia na niliyaelewa. Nayaandika hapa ili nisije nikasingizia kutojua.

Wiki mbili baada ya kurudi kwake, kanisani kwao ilikuwa sikukuu ya mavuno. "Saidi," akaniambia, "twende ukaone mnada wetu, wewe unayependa kuona." Mimi ni Mwislamu, lakini huku milimani siku ya mnada wa mavuno hakuna anayeuliza; jirani anakuja, ananunua ndizi, anasalimia watu. Manyunyu yalikuwa yanadondoka, kwa hiyo mnada ukafanyika ndani. Mbele ya madhabahu palijaa mikungu ya ndizi, mayai kwenye vikapu, magunia ya viazi, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Mnadi alikuwa mzee wa kanisa, Mzee Yafeti, mrefu, mwenye koti la sufu lililompwaya, na ulimi uliowafanya hata wabahili wacheke huku wakifungua mikoba. Desturi yao ni kwamba anayenunua hulipa, kisha akipenda hukirudisha kitu kiuzwe tena. Jogoo yule aliuzwa mara tano. "Bei ya huyu imeruka," Mzee Yafeti akasema, "imebaki kumtafutia pasi ya kusafiria, aende Ulaya na dada yetu!" Watu wakageuka kumtazama Namsifu. Alikuwa ameshanunua mayai kwa posho yake, na nilimwona akifunga mkoba vizuri, kama mtu aliyemaliza.

Mzee Yafeti akanyanyua macho juu. Akasema bati zile ziliwekwa na babu zao, na sasa zinavuja mpaka kwenye Biblia ya mchungaji. "Nani atatuanzishia? Nasikia kumi? Nasikia ishirini?" Mama mmoja wa kwaya akapaza sauti kutoka nyuma, "Muulize mwenye miguu!" Kanisa zima likacheka. "Dada yetu," mzee akasema kwa upole, "utatuwekea bati ngapi?" Namsifu akasimama. Alifungua mdomo, akavuta pumzi. Na mimi niliyekuwa nimeketi kando yake, ambaye kanisa lile halikuwa langu wala fedha ile haikuwa yangu, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kenchi za paa, "Zote!"

Nimejiuliza miaka yote hii ni nini kilichonituma. Sikuwa nimelewa. Nadhani nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayepakia vitu vya wengine. Mara moja maishani nilitaka kukaa upande wa wanaotoa, hata kama ilikuwa kwa mkono wa mtu mwingine. Vigelegele vilipasuka. Namsifu alinigeukia, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyesukumwa barabarani. Angeweza kukataa. Aliangalia mbele, ambako mama yake alikuwa ameketi benchi la kwanza na amejifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa furaha. Akainamisha kichwa. Katibu akaandika. Pale kwao ahadi ikishaandikwa husomwa kila Jumapili, jina na kiasi, mpaka iishe.

Tulipokaribia Lushoto akaniuliza, "Saidi, unajua bei ya bati moja?" "Sijui, dada." "Na mimi sijui." Kesho yake tukaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji alipiga hesabu ya bati, mbao na misumari, akazungusha kikokotoo ili tuone wenyewe. Ilizidi zawadi nzima, ile ya redioni, kabla haijakatwa na mtu yeyote. Namsifu alimshukuru kwa adabu, akatoka, akaketi kwenye ngazi za duka na kufungua kamba za raba zake, akazifunga upya, akazifungua tena. Nilitaka kusema pole. Neno lilionekana dogo mno, nikalimeza.

Baada ya hapo mambo mawili yakaanza kukimbizana, na mimi nikiyatazama yote mawili. La kwanza ni kwamba wazee wa kanisa, kwa imani yao, waliezua paa. Fundi alikuwa amepatikana kwa bei nzuri na mvua za vuli zilikuwa karibu. Wakaona bora kila kitu kiwe tayari, fedha ikifika wapigilie tu. Namsifu aliipata habari hiyo kwa simu kutoka kwa mama yake, aliyekuwa akiimba. La pili ni mguu. Alianza kurudi mazoezini akikwepa kukanyaga kisigino, akisema ni ubaridi. Kocha akampeleka hospitali kupigwa picha, na daktari akawaonyesha mstari mwembamba kama unywele kwenye mfupa wa muundi wa kushoto. Ni ufa, akasema. Apumzike miezi mitatu. Akikimbia katika hali hii mfupa utakatika, na ukikatika hapo hatarudi kwenye mbio. Namsifu alirudi nyumbani, akala mshunga wake wote, akauliza kama kuna zaidi.

Meneja alikuja Jumanne, mchana wa mvua. Nilimpelekea chai, nikarudi jikoni, nikakaa karibu na mbao. Alikuwa na mwaliko wa mbio za mji mmoja wa joto, ng'ambo, siku kumi na mbili mbele. Waandaaji walitaka jina la mshindi wa Ulaya, na walikuwa tayari kulipa fedha ya kushiriki, taslimu, siku hiyohiyo, hata asiposhinda. "Mwalimu, akianza tu inatosha. Kilomita mbili, tatu, anashika paja, anatoka. Nani atamlaumu?" Mvua ilipiga bati za jiko langu na nikaichukia kwa kunizibia masikio. Kisha nikamsikia kocha: "Wewe umemsimamia miaka minne. Umewahi kumwona akianza kitu asimalize?" "Kodi ya nyumba hii umelipa mpaka lini?" meneja akauliza, na haikuwa sauti ya ukali, ilikuwa ya rafiki. Mlango wa chumba ukafunguliwa, na sauti ya Namsifu ikasema, "Hiyo fedha ya kuanza, inatosha paa?" "Nusu," meneja akasema. "Kama nusu hivi. Lakini kuna mbio nyingine mwezi unaofuata." "Nitafikiri," akasema Namsifu. Jikoni niliacha maharage yakaungua motoni.

Siku iliyofuata nikashuka kwa Mzee Yafeti. Nilimkuta shambani kwake anapalilia maharage, suruali amekunja mpaka magotini. Nikaamkia, nikaeleza: mguu una ufa, fedha ya redioni haijafika na ikifika haitakuwa ile, na aliyesema neno lile siku ya mnada ni mimi. Alinisikiliza akiegemea jembe. "Mwanangu, nilikuona. Sijawa kipofu. Lakini wewe ulitamka, yeye akainamisha kichwa. Tulichoandika ni kile kichwa." Nikamwambia basi aandike jina langu badala yake, nitalipa kidogo kidogo. Hakunicheka, na hilo liliniumiza zaidi. "Utalipa kwa kitu gani? Leo uko hapa, kesho nasikia uko Handeni. Na paa tumeshaezua. Ukiniambia nirudishe bati kuukuu, nitawaambia nini watu? Aseme mwenyewe, hapo tutasikia." Nilipokuwa napanda kurudi barabarani akaniita. "Ufa ni mkubwa?" "Kama unywele, mzee." Akainama, akaendelea kupalilia, lakini niliona jembe linakwenda ovyo, linakata mpaka maharage.

Jumapili, ikiwa imebaki wiki moja kabla ya mbio, Namsifu alivaa gauni lake la ibada na kuniambia nimsindikize. Hakuniambia anakwenda kufanya nini. Begi la safari lilikuwa limeshafungwa sebuleni, na tiketi juu yake. Kanisani kuta zilisimama wazi, kenchi zikiwa kama mbavu, na turubai la bluu limefungwa upande wa madhabahu tu. Watu walikaa na miavuli. Katibu alipofika kwenye ahadi akasoma, "Namsifu, paa lote, bado," na Namsifu akasimama kabla hajaketi yule katibu. Alizungumza polepole. Alisema fedha waliyoisikia redioni hajaishika. Alisema ikifika itakuwa chini ya nusu ya ile. Alisema amepata njia ya kupata nusu ya paa, lakini ni lazima akimbie na mguu uliopasuka, na ameifikiria nusu hiyo siku tano, na nusu ya paa haizuii mvua. "Niliahidi kitu ambacho sina. Naomba jina langu lifutwe." Kisha sauti ya kijana mmoja ikatoka upande wa wanaume, "Basi ungeshinda kimyakimya!" na baadhi wakacheka kicheko kibaya. Nilijiandaa kusimama. Nilijiandaa kweli, mikono ilikuwa imeshashika benchi la mbele. Sikusimama. Mama yake ndiye aliyesimama, akakunja kanga, akatoka nje peke yake katikati ya watu, na mvua ikaanza.

Wiki ile wanaume wa kijiji walirudisha bati za babu zao, zikiwa na matundu ya misumari ya zamani juu ya matundu mapya. Nilikwenda kusaidia, nikapandisha bati kwa kamba, na hakuna aliyenisemesha. Niliporudi Magamba jioni ile Namsifu alikuwa ameketi mezani na mguu juu ya stuli. "Saidi, umenipikia vizuri," akasema. "Kesho nisikukute." Nikaondoka na gari la kwanza la kushuka Mombo. Baadaye, nikiwa miji mingine, nilimsoma kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi: ameshinda hapa, wa pili kule, miaka minane mfululizo. Kiasi cha fedha hakikuandikwa hata mara moja. Wanasema alikuwa anawaomba waandishi wasiandike, na akikataliwa, hazungumzi nao.

Kwenye msiba wa mwalimu alikuja mwenyewe mpaka nilipoketi, akanipa kikombe, akavuta kiti. Nywele zimeingia mvi kidogo. "Mzururaji," akasema. "Bado unazurura?" "Bado, dada." Nikamwambia nilichokuja nacho njia nzima: kwamba neno lile lilikuwa langu, na siku aliposimama kanisani nilipaswa kusimama naye. Akanisikiliza akikuna mkono wa kiti kwa kucha, pale rangi ilipobanduka. "Unajua siku ya mnada nilikuwa nimeshafungua mdomo?" akasema. "Nilikuwa nataka kusema nusu." Sikuelewa. Akanieleza kama mwalimu alivyokuwa akinieleza. "Ningesema nusu, ile fedha ya meneja ingetosha. Ningeenda kuikimbilia, Saidi. Tiketi nilikuwa nayo. Ningeanza, na ningemaliza, na mguu ungebaki kule. Zote hazikuwezekana kabisa, ndiyo maana niliweza kusimama." Nilianza kutabasamu, kama mtu aliyetuliwa mzigo alioubeba tangu ujana. Aliona, akaniwahi. "Usifurahi. Sijaja kukushukuru. Mama yangu hakukanyaga kanisani mwaka mzima. Alikuwa akisikia kengele anakwenda shambani, Jumapili, analima."

Nikamwuliza kama mama bado yupo. Akaelekeza kidevu kwenye mikeka ya wanawake, kwa bibi wa umbo dogo aliyejifunga kanga mbili na kuketi akinyoosha miguu. "Nenda kamwamkie. Haoni vizuri siku hizi. Umwambie wewe ni nani." Nikavua kofia na viatu, nikapita kati ya wanawake waliosogeza magoti, nikapiga goti mbele yake. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akaupapasa kama anautafutia jina. "Mikono migumu. Wewe ni wa nani?" Wanawake wa pembeni waliacha kuzungumza ili wasikie. Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mikono yake, na hakuonyesha kutaka kuuachia. Nikamwambia.